Zebedayo Mdoe Habebwi Kimya

Baba Padri, wazee wetu mliotoka Bondei na wenyeji wetu wa Ngamiani, shikamooni, ndugu zetu Waislamu mliotandika mikeka nje na kutupikia kahawa tangu jana, tunawashukuru, nanyi wafanyakazi wa bandarini mliokatazwa kuja mkaja, karibuni, sogeeni mbele, hapa ndipo penu. Familia imenituma mimi, kaka yake Praxeda, nisome historia ya shemeji yangu Zebedayo Mdoe, na kwa kuwa shemeji ni mtani, nasi tumetaniana tangu siku aliyokuja kwetu kuposa amevaa viatu vya kuazima, msitegemee nimpake asali leo kwa sababu tu amelala hapa hawezi kunijibu. Nitamsema kama alivyokuwa.

Lakini kabla sijafika kuzaliwa kwake nitaanza na jana alasiri, kwa maana lililotokea jana nalo ni sehemu ya historia yake. Kampuni ya kupakia meli aliyoitumikia, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa wenyewe wanajijua, ilimtuma karani wake kuleta rambirambi pamoja na ahadi ya lori la kubebea jeneza hadi makaburini, mradi tu katika maneno haya lisitajwe jambo la filimbi, wala jambo la Kombo, wala watu wasiimbe nyimbo za kazi njiani. Dada yangu alimkaribisha yule karani, akampa chai, akamsikiliza mpaka mwisho bila ya kumkatiza, kisha akamwambia, "Kawaambie asante, ila mume wangu anao watu wenye mabega." Lori limerudi lilikotoka, na mimi nitayasema yote matatu, tena taratibu, asije mtu akadai hakusikia.

Zebedayo Mdoe alizaliwa tarehe 4 Novemba 1914 katika kijiji cha Mkuzi, nchi ya Bondei, siku zilezile manowari za Waingereza zilipokuwa zikiipiga Tanga kwa mizinga, na marehemu mama yake alikuwa akisimulia kwamba ngurumo ile ilifika mpaka vijijini, mkunga akaingia chini ya kitanda, na mtoto akatoka peke yake akilia kwa sauti ya kuishinda mizinga. Alibatizwa tarehe 27 Desemba mwaka huohuo na padri Mwafrika, kwa kuwa Wazungu wa misheni walikuwa wametiwa kizuizini na Wajerumani, na inasemekana kwamba hata maji ya ubatizo hayakumnyamazisha. Mtu aliyekuja duniani kwa namna hiyo, kumwambia anyamaze ni kujitafutia taabu.

Alisoma katika shule ya misheni karibu na kwao kuanzia mwaka 1923 hadi 1928, akajua kusoma, kuandika na hesabu, akaimba katika kwaya, na waliosoma naye wanakiri kwamba wimbo wowote ukianzishwa na Zebedayo ulikuwa ukienda mbio, maana alikuwa hawezi kuimba bila ya kuipa miguu kazi. Mwaka 1930 aliajiriwa katika shamba la mkonge upande wa Muheza, akakata majani, akafunga mizigo, baadaye akawekwa kwenye mashine ya kushindilia robota, yale mafungu makubwa ya mkonge mkavu ambayo sote tunayajua, na kila siku akawa anaziona robota zinapakiwa kwenye garimoshi zinakwenda, hazirudi. Jambo hilo lilimkera, akataka kujua zinakwenda kwa nani, basi tarehe 11 Machi 1935 naye akapanda garimoshi akazifuata hadi Tanga.

Tanga hapa, kwa wale wageni mliotoka bara, meli kubwa haiji kugusa nchi kavu, hutia nanga katikati ya hori, na mzigo hupelekwa kwa matishari, vyombo vipana visivyo na tanga wala injini, vinavyokokotwa na tagi, ile meli ndogo ya kuvuta, hadi ubavuni mwa meli, na humo ndani ya tishari ndimo watu wanamozivingirisha robota, wanazifunga kamba, wanaziinua mpaka usawa wa kulabu ya winchi, nayo winchi ndiyo inayozipandisha na kuziteremsha kwenye tumbo la meli. Zebedayo alikuwa hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo, na siku yake ya kwanza alikaa katikati ya tishari ameikumbatia robota kwa mikono miwili, amefumba macho, wenzake wakamcheka mpaka kazi ikasimama. Aliyemfungua mikono alikuwa kijana wa Mkwaja aitwaye Kombo, Mwislamu, mtoto wa pwani hasa, akamwambia kwamba robota ikizama itazama naye, bora amshike mtu, na tangu saa ile wakashikana, wakaitana ndugu, wakala Idi pamoja na Krismasi pamoja, mpaka jana.

Sasa sikilizeni habari ya kuimba, kwa sababu wengi mliovaa suti mnadhani ni furaha ya makuli. Robota ya mkonge haiinuliwi na mtu mmoja, huinuliwa na genge zima kwa pamoja, na ule upamoja hauji kwa kutazamana, kwa kuwa aliye upande huu wa robota hamwoni wa upande ule, unakuja kwa sauti ya mwimbishaji, ambaye huuliza, nao humjibu, na kwenye neno la mwisho la jibu ndipo migongo yote inanyanyuka. Zebedayo alikuwa mwimbishaji wa genge lake tangu mwaka 1938, akawa serangi, yaani kiongozi wa genge, tangu mwaka 1947, na wimbo wake mlikuwa mnausikia hata ninyi wa Raskazone mkiwa mezani mnakula. Aliuliza, nani kaukata, wakajibu, ni sisi, nani kaufunga, ni sisi, nani aubebaye, ni sisi, na hapo robota ilipaa. Ilipokwisha kushikwa na winchi aliuliza swali la mwisho, nani asemaye ni wake, na hilo hakuna aliyelijibu, watu walicheka tu wakafuta jasho, wakasubiri nyingine.

Kwa wimbo huo zilipakiwa meli za wakati wa vita, pale Wajapani walipoziteka nchi za mashariki zilizokuwa zikitoa kamba, na dunia nzima ikaukumbuka mkonge wa Tanga, na kwa wimbo huo zilipakiwa meli za mwaka 1951, wakati wa vita vya Korea, bei ya mkonge ilipopanda mpaka wenye mashamba wakawa hawalali kwa raha, na hori letu likajaa meli za London, za Rotterdam na za Bombay zinangojana kama watu kisimani. Kamba zinazozifunga meli kwenye magati ya Ulaya zimepita begani kwa huyu mtu, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kwenda mbali kuliko mnara wa taa wa Ulenge, na vitabu vikiandikwa juu ya biashara ya bahari vitataja wenye meli, vitataja wenye mashamba, vitataja bei. Sisi leo tunamtaja aliyebeba, na hatumwombi mtu ruhusa.

Tarehe 26 Julai 1941 marehemu alifunga ndoa na dada yangu Praxeda, na nilipinga, nalisema wazi, kwa kuwa nilidhani mtu wa matishari hatakaa nyumbani, lakini dada alinijibu kwamba mume ambaye sauti yake inasikika kutoka baharini hawezi kumpotea. Mungu aliwajalia watoto watatu, Beatrisi aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1942, Mikaeli aliyezaliwa mwaka 1944 akafariki kwa homa kabla hajatembea, na Safari aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 1946 ndani ya garimoshi, kati ya Muheza na Tanga, ndiyo maana ya jina lake. Praxeda hakukaa bure, aliuza chai na mihogo mbele ya lango la bandari, na kuli asiyekuwa na kitu siku hiyo alikula kwanza, malipo baadaye, hilo mnalijua ninyi mliokula.

Mwaka 1956 alikuja bwana msimamizi mpya, na watu wa kutafuta sifa walimfasiria ule wimbo, wakamfasiria hasa lile swali la mwisho, nani asemaye ni wake, na kumbe miaka yote tukidhani halina jibu, mwenye jibu alikuwa amepatikana, alikasirika. Alitoa amri kwamba kuimba ni marufuku juu ya matishari, ni kelele, ni utovu wa adabu, na kila serangi akapewa filimbi ya kuvaa shingoni, akipuliza mara moja watu wainue, akipuliza mara mbili waachie. Zebedayo alikwenda kumweleza kwa heshima, kofia mkononi, kwamba filimbi zote zina sauti moja, na meli moja hupakiwa pande mbili kwa magenge mawili, kwa hiyo mtu hatajua amepulizwa yeye au jirani, ila sauti ya mwimbishaji kila mtu anaijua ya kwake kama mtoto anavyoijua ya mamaye. Aliambiwa avae au aache kazi, yeye pamoja na genge lake lote.

Akavaa. Hili ndilo kosa lake, na hakutaka lifichwe hata siku moja, alivaa kwa kuwafikiria watu wake na watoto wao, akanyamaza, na dada yangu anasema kwamba siku hizo alirudi nyumbani akakaa bila ya kuongea, Safari akadhani baba yake ni mgonjwa.

Siku ya Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1956, genge lake lilikuwa limeinua robota imefika usawa wa kifua, kulabu bado haijashika, ndipo serangi wa upande wa pili wa meli akapuliza mara mbili kuwaambia watu wake waachie, na nusu ya watu wa Zebedayo wakaachia. Waliobaki hawakuiweza, robota ilianguka, ikamkuta Kombo ameisimamia kwa chini kama ilivyo kazi ya mtu hodari kuliko wote, ikausaga mguu wake wa kulia, na madaktari waliukata siku ileile. Zebedayo aliivua filimbi akaitupa baharini mbele ya kila mtu, akaruka kutoka kwenye tishari kwenda kwenye tagi na Kombo mikononi, yeye aliyekuwa anaogopa maji.

Baada ya wiki moja kampuni ilifanya baraza lake, ikataka iandikwe kwamba Kombo alizembea, alisimama pasipostahili, na ili maneno hayo yawe na nguvu alihitajika serangi wake kuyathibitisha. Zebedayo aliitwa ofisini, akapewa kiti, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaambiwa kwamba anafikiriwa kuwa serangi mkuu wa magenge yote, na nyumba ya matofali ipo tayari, kinachotakiwa ni neno moja tu. Aliinuka kutoka kwenye kile kiti, naye mwenyewe alitusimulia jioni ile, na yule karani aliyekuja jana alikuwapo pale anafasiri, akitaka ataapa, kwamba alijibu hivi, "Kombo hakuzembea. Alikuwa ameshika wakati wengine wameachia. Aliyezembea ni mimi niliyekubali kunyamaza, na aliyeninyamazisha ni wewe, basi yaandike majina yetu mawili." Hakuna aliyeandika. Tarehe 31 Agosti 1956 alifukuzwa kazi, akapigwa marufuku kukanyaga ndani ya lango la bandari.

Kesho yake genge lake lilikwenda kazini kama kawaida, filimbi ikapulizwa, watu wakakaa juu ya robota wakatazama meli, ikapulizwa tena, wakaitazama tena, na magenge mengine yakafuata, meli iko katikati ya hori tumbo wazi, matishari yamejaa yanapigapiga ubavu wake. Kampuni ikaleta watu wapya kwa malori kutoka mashamba ya mkonge, ikawatia kwenye matishari, wale jamaa wa watu wakaishika robota, wakatazamana, wakauliza nani anawaimbishia, kwa sababu huko mashambani nao hawakuwahi kuinua kitu kwa filimbi. Wallahi hata Kombo hospitalini alipopelekewa habari hiyo alicheka, na ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu akatwe mguu. Haikutoka amri ya kuruhusu nyimbo, wakubwa hawatoi amri za namna hiyo, ila filimbi ziliacha kuonekana, na asubuhi moja watu wa Ngamiani tuliamka tukasikia, nani kaukata, ni sisi.

Nyimbo zilirudi, Zebedayo hakurudishwa, na jina la Kombo halijasafishwa mpaka hivi ninavyosoma, bado kwa kampuni ni mzembe. Marehemu alikaa na mkewe kwenye chai na mihogo mbele ya lango, na kila asubuhi magenge yakipita aliwaanzishia wimbo wakaingia nao, askari akatumwa kumwondoa, yeye akavuka kwenda upande wa pili wa barabara, askari akatumwa tena, yeye akamwambia kwamba lango ni la kampuni lakini barabara ni ya Malkia, na Malkia bado hajalalamika. Aliimba hapo miaka miwili, jua na mvua, na alikuwa akisema hajutii kitu isipokuwa zile siku chache alizovaa filimbi.

Maradhi yake yalikuwa ya kifua, kikohozi cha vumbi la mkonge alichotoka nacho shambani na kukilea bandarini, nacho kilimwangusha kuanzia mwezi wa Juni 1958, akalazwa mara kadhaa, akapata nafuu, akarudi langoni kwake, akaanguka tena. Kufikia Agosti mwaka huu sauti ilikuwa imemtoka kabisa, amebaki na mnong'ono, na hilo sisi lilituuma kuliko kikohozi, tuliona Mungu ametafuta mahali panapouma zaidi, na mimi nalisema hilo mbele ya Baba Padri, atanisamehe. Ijumaa jioni alimwomba Praxeda amwite Kombo, Kombo akaja na mkongojo wake, akainamisha sikio mdomoni kwa mgonjwa, na maneno aliyoyasikia ni haya, "Msinibebe kimya. Uimbishe wewe." Kombo alikataa, akasema kwamba tangu siku ile hajaimba hata neno, na kwamba watu watasema mzembe anaimbishaje, naye Zebedayo hakuwa na sauti ya kubishana, alimshika mkono kama alivyoikumbatia ile robota siku yake ya kwanza baharini, hakuuachia mpaka Kombo alipoitikia kwa kichwa. Zebedayo Mdoe alifariki dunia alfajiri ya Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1959, nyumbani kwake Ngamiani, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, ameacha mjane na watoto wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, hasa waliomruhusu Kombo kukaa naye nje ya saa za kuangalia wagonjwa, inawashukuru majirani wa Ngamiani kwa maji, kuni na mikeka, inawashukuru wafanyakazi wa bandari kwa jeneza hili mlilolipiga misumari wenyewe, na inamshukuru Baba Padri, ambaye aliuliza maneno ya wimbo, tukamwimbia, akafikiri, akasema kwamba haoni dhambi ndani yake, ila tuanzie nje ya mlango wa kanisa, nasi tumekubali kwa sababu kutoka mlangoni hadi makaburini ni mbali na wimbo utatosha. Hata yule karani tunamshukuru, chai yetu alikunywa, na namwona amerudi amesimama pale nyuma, bila ya lori.

Shemeji, mimi nimemaliza kukutania. Pumzika kwa amani, hiyo tunakupa yote, lakini kimya hatukupi. Wa bandarini, shikeni jeneza, kila mtu mahali pake, na asiachie mtu mpaka asikie sauti anayoijua. Kombo, ndugu yangu, wewe uliyeshika wenzio walipoachia, njoo usimame hapa mbele. Tuulize ni nani ambebaye.